Shangazi Hajambo?

Juu ya kila mlango mtaani benki iliweka taa: ya kijani kwa mtu wa kuaminika, nyekundu kwa yule ambaye hata muuza duka asingethubutu kumkopesha kibiriti. Nakiete na wenzake saba walijitolea kukusanya saini za kuitaka serikali iziondoe taa hizo. Kwa kuwa simu zilisikiliza kila neno, wao kwa wao waliiita benki "shangazi". Waliambiana, "Shangazi kanuna leo," wakacheka.

Kufikia Ijumaa, taa za wenzake wote saba zilikuwa nyekundu. Ya Nakiete ilibaki kijani, na kikaoni watu wakanyamaza alipoingia.

"Jamani, sijamwambia mtu!" aliapa. "Hata mume wangu hajui lolote."



Alirudi nyumbani roho ikimuuma. Alimkuta mumewe, Mbazi, jikoni anasonga ugali, kazi ambayo hajapata kuifanya tangu waoane. Mbazi alimsogezea kigoda, akamtazama kwa upole uliozidi kipimo.

"Pole na mizunguko, mama Eliza. Shangazi hajambo?"

Nakiete alikaa taratibu. Shangazi yake wa mwisho yeye na Mbazi walimzika pamoja, mwaka juzi.