Waya wa Ardhi

Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, saa tatu na robo asubuhi, anga la Musoma likiwa jeupe na upepo mkavu ukisomba vumbi la Kitaji, Samwel alisimama jikoni kwa marehemu shangazi yake akiwa na karatasi mkononi. Ilikuwa imechapwa vizuri, mistari kumi na minne, na ilikuwa inakwenda polisi. Palibaki pengo moja tu, la jina.

"Bwenini tulifundishwa, Mzee Shomari, kwamba kila kosa lina mwenyewe," alisema. "Leo hatutoki hapa kabla sijalijaza pengo hili."

Fundi Shomari, mzee wa miaka sabini na miwili, alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji. Nyaya zote za nyumba hii alizitandaza yeye mwaka 1979, na hakuna fundi mwingine aliyewahi kuzigusa.

"Nyumba hii niliifunga umeme wewe ukiwa na kaptula ya shule," alijibu bila kugeuka. "Jaza jina langu basi, twende zetu. Au uniache nipime."

"Pima."

Siku kumi na tatu zilikuwa zimepita tangu Skolastika alipokutwa hapo sakafuni, miguu mitupu, mkono umeng'ang'ania mpini wa friji, ndoo ya kudekia imepinduka ubavuni mwake. Mwanamke huyo ndiye aliyemlea Samwel. Kwa miaka sita alichota maji ziwani na kuyauza ndoo kwa ndoo katika mitaa ya Iringo, ili mtoto wa kaka yake asome shule ya bweni. Samwel hakuusahau utosi ule uliopukutika nywele kwa ajili yake. Mwezi Machi, alipomkuta bibi wa miaka themanini angali anabeba ndoo kwa sababu bomba la zamani lilikuwa limeoza na kutoa matone mekundu, alileta mafundi kutoka kwake Nyasura, Bunda, wakavuta maji mapya hadi jikoni. Bomba bovu liling'olewa mpaka barabarani, likapakiwa kwenye mkokoteni. Samwel hakuzoea kufanya jambo nusu.

Yeye alikuwa ametimiza wajibu wake. Mtu mwingine hakutimiza wake, na shangazi akafa.

Ghati, binti wa marehemu, alikuwa ameegemea mlango, kanga imefungwa kiunoni.

"Hili friji zamani halikuwaga na neno, kaka," alisema. "Lilianza kung'ata Pasaka. Tukawa tunavaaga kandambili humu ndani kama wageni. Mama akicheka tu, 'Limezeeka, lina hasira kama mimi.' Siku ile akazivua. Akasema maji yapo tele, acha adeki sakafu mpaka ing'ae."

"Umesikia, Mzee?" Samwel aligeuka. "Friji linang'ata watu miezi miwili, na fyuzi yako haikukatika hata mara moja."

Shomari alinyoosha mgongo polepole. "Waya wa ndani umechubuka, unagusa bati. Kwa friji la miaka ishirini hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba umeme ulimfikia mtu."

"Ndilo ninalokuuliza."

"Na ndilo ninalolitafuta." Fundi aligusa waya mnene wa shaba ulioambaa ukutani na kutokomea nje kupitia tundu dogo. "Huu sisi tunauita ethi, waya wa ardhi. Umeme ukipotea njia, unapita humu, unazama udongoni, fyuzi inakatika. Mtu hasikii kitu. Nyumba zote za zamani nilizifunga hivi. Ukikuta umekatika, au niliuchomeka kwenye vumbi tu nikachukua ujira wangu, jina ni langu. Sitabisha."

Samwel hakuhitaji kusikia zaidi. Alivua koti, akaomba jembe.

"Kaka, na hizo suruali?" Ghati aliuliza.

"Nitafukua mwenyewe, mtu asije akasema mchimbaji ndiye aliyeukata."

Aliufuata waya chini ya ukuta wa nyuma, kando ya kijukwaa cha saruji ambacho mafundi wa Bunda walilijengea bomba jipya. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Kila jembe lilipotua aliliona pengo likijaa, herufi moja baada ya nyingine. Lakini waya ulikuwa mzima. Kwenye kina cha mkono mmoja uliishia kwenye kibano cha shaba, kimekazwa imara kama kilivyokazwa miaka arobaini na mitano iliyopita, kimekumbatia kipande cha bomba la chuma.

Kipande hicho kilikuwa na urefu wa shubiri moja. Kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, na mbele yake paliungwa bomba jeusi la plastiki.

Shomari alichuchumaa, akakipapasa pale kilipokatwa.

"Chuma hiki kilikwenda hatua arobaini chini ya udongo, mpaka barabarani," alisema. "Chenyewe ndicho kilichokuwa ardhi ya nyumba hii. Plastiki haipitishi umeme, Bwana Samwel. Nani alikiondoa?"

Ghati alilitazama bomba jeusi, kisha kaka yake.

Samwel alipiga magoti. Kisha akaitoa karatasi mfukoni, maana alikuwa amesema hatatoka pale kabla ya kulijaza lile pengo, akailaza juu ya kijukwaa cha bomba na kuanza kuandika. Kalamu ilikwama, ikatoboa karatasi. Akaisogeza, ikakwama tena. Akaiinua, akafuta vumbi kwa kiganja.

Pale kwenye saruji, mwezi Machi, ilipokuwa bado mbichi na Samwel ameshaondoka kurudi Bunda, Skolastika alikuwa ameandika kwa msumari, kwa herufi kubwa zilizopinda: SAMWEL AMENILIPA.