Pete za Mlingoti

Uwanja wa shule ya ufundi ulikuwa umeuzwa, na mtihani wa mwisho wa uchomeleaji ukawa kukata milingoti ya goli. Aliyeitwa kwanza ni Zamda, nahodha wa timu. Kila nahodha aliyemaliza shule alichomelea pete yake ya chuma kwenye mlingoti wa kushoto, na wachezaji walizigusa zote kabla ya mechi. Ya Zamda ilikuwa bado mfukoni.

"Mwalimu, hii pete ya chini kabisa si yako?" Zamda aliuliza.

"Kata, binti yangu," alisema Mwalimu Mbwilo. "Ukigoma, wanunuzi wataleta tingatinga, nawe utaondoka bila cheti."

Grenda, mashine ya kukatia chuma, ililia, cheche zikamrukia magotini, hadi mlingoti ukalala vumbini na pete zake zote. Mwalimu aliinama, akapitisha kidole penye mkato.

"Umenyooka," alisema. "Umefaulu."

Zamda aliikamata pete yake mfukoni. Upande wa pili wa goli, kipa wa timu alikuwa ameukumbatia mlingoti uliobaki, glavu mikononi, na Mwalimu alikwisha kuanza kuuvuta waya wa umeme wa grenda kuelekea kule.