Jina la Mtandao

Shemeji Hamadi alikuwa amebadilisha tena nywila ya intaneti, kwa sababu Mwanahawa alikataa kumfulia kanzu zake. Mtihani wa Mwanahawa wa mtandaoni ulikuwa uanze adhuhuri ile.

"Yaani hicho kikompyuta, kidogo kama sabuni, ndicho kitakachokuokoa?" wifi yake Zuhura alicheka.

"Tulia, wifi."

Mwanahawa alichomeka kwenye kikompyuta modemu yenye laini yake mwenyewe ya simu, akaandika amri za mwisho. Mtandao wake mpya ulihitaji jina. Alilichagua kama mwanamke anavyochagua kanga ya kumpitia nayo mgomvi wake: SIKUOMBI TENA.

Jina likatokea kwenye simu zote za nyumba ile. Zuhura alilisoma, akaziba mdomo kwa mtandio. "Na yeye analiona?"

"Analiona."

Mwanahawa alifungua ukurasa wa mtihani. Nje ya pazia, ndara za Hamadi zilikuja zikiburuzika, kisha zikanyamaza mlangoni.