Kibali cha Kupiga Yowe

Bondeni, kazi ya kanga ilikuwa moja: wakimwona chui, wanapiga yowe ili wanyama wote wakimbie. Basi Nyani akapata utawala, na yowe likamkatizia usingizi wa mchana.

"Huu ni uchochezi!" alifoka. "Kuanzia leo, anayetaka kupiga yowe aje kwangu aombe kibali."

Kanga mmoja alibisha. Alinyonyolewa manyoya yote hadharani hadi akafa.

Wiki haikuisha, mjane wake akaingia kwa Nyani mbio.

"Mheshimiwa, naomba kibali cha kupiga yowe. Sasa hivi!"

"Sababu?"

"Ipo nyuma ya kiti chako, mheshimiwa."

Nyani akacheka bila hata kugeuka. "Mmezoea kututisha nyie. Kasubiri nje."

Mjane akatoka, haamini masikio yake. Nyuma yake akasikia kiti kikianguka.

Kesho yake wanyama waliitwa barazani, wakapigwa na butwaa. Kwenye kile kiti alikaa Chui, anajilamba masharubu.

"Mheshimiwa," mjane aliuliza kwa sauti ndogo, "ile sheria ya yowe sasa itafutwa?"

Chui alimkodolea macho, kashangaa kwelikweli.

"Ifutwe? Sheria nzuri namna hii?"