Upande wa Pili wa Kitambaa

Kitambaa cha kutandia uduvi majini hushikwa na watu wawili, na kwa miaka mingi upande mmoja ulikuwa wa Siwema, wa pili wa shoga yake Mwanakombo. Mwanakombo aliporudi ufukweni baada ya homa ndefu, aliukuta upande wake mikononi mwa Mize, jirani aliyehamia juzijuzi. Mize na Siwema walikuwa kwenye maji ya magotini, wakitembea sawasawa bila kuangaliana, na kitambaa hakikulegea hata kidogo.

"Shoga, umepona!" Siwema alipaza sauti. "Kaa hapo, leo kazi yako kula tu."

Mwanakombo alikaa, akawatazama wakiosha uduvi na kuupika kwa nazi na ndimu. Mize ndiye aliyepakua.

Alitafuna polepole, akiutafuta mchanga kwa ulimi. Asiyejua kuosha uduvi lazima aache mchanga ndani. Hakuupata. Uduvi ulikuwa mtamu, na chumvi ilikuwa kiasi kilekile alichozoea kutia yeye.

"Vipi, dada?" Mize aliuliza. "Au mdomo bado mchungu kwa homa?"

"Chumvi imezidi," alisema Mwanakombo, akamnyooshea bakuli tupu.