Jembe la Nyele

Mwaka ule Wazungu wa ngome walikuwa wakipigana na Wazungu wenzao baharini, na meli za kuleta chuma zikakoma. Ndipo mnyapara wa ngome akamletea mhunzi Siriman kapu la majembe.

"Yafue yawe pingu, mzee. Meli moja imepenya, inang'oa nanga jioni."

Miaka saba Siriman alikuwa amewafulia pingu watoto wa watu bila kuuliza neno. Leo alipolishika jembe la tatu, moyo ulimlipuka. Lilikuwa na alama ya hilali mbili, aliyoigonga mwenyewe siku alipomwoza binti yake, Nyele, ng'ambo ya mto, akampa jembe hilo. Udongo uliogandama juu yake ulikuwa bado mbichi.

"Wenye majembe haya wako wapi?"

"Ngomeni. Tuliwakuta shambani wanapanda."

"Niache nikawavishe pingu mwenyewe," Siriman alisema. "Niwaone nyuso tu."

"Mhunzi haingii ngomeni. Fua!"

Mnyapara alimpokonya jembe, akalisukuma ndani ya makaa. Siriman alilitazama likianza kuwa jekundu, kisha akaingiza mkono mtupu motoni kulichomoa.