Kompyuta Iliyogoma Kuimba

Sixten alibonyeza tena, na kompyuta ikamnyamazia tena.

Kwenye kioo mambo yote yalikuwa yanakwenda. Kimstari kilitambaa kutoka kushoto hadi kulia, kikipita juu ya vijisanduku vya noti alivyovipanga wiki nzima kwa kidole kimoja. Lakini kwenye hedifoni hamkuwa na hata mlio wa mbu.

"Imba, shetani we!" akaifokea.

Alikuwa na haki ya kufoka. Tangu ujanani yeye ndiye aliyepiga kodiani kwenye dansi ya Jumamosi, na nusu ya ndoa za kijiji kile cha Värmland zilianzia mbele ya jukwaa lake. Sasa baridi yabisi ilikuwa imemwingia vidoleni, na majira haya hata waltzi moja hakuweza kuimaliza. Gullvi, mwenyekiti wa ukumbi wa dansi, alikuwa mama wa haki, ila huruma hakujaliwa.

"Vidole vikigoma, jukwaa nampa Alrik," alikuwa amemwambia. Alrik ndiye mpigaji wa kinanda kipya cha umeme cha kanisani, mtu ambaye muziki wake uliwahi kumlaza usingizi bwana harusi.

"Kompyuta itanipigia," Sixten alijitetea.

"Mashine haina damu, bwana wee. Haya, tufanye hivi: ikinichezesha miguu yangu mimi, jukwaa ni lako mpaka ufe. Nakuja Ijumaa, tukitoka kumzika Hjalmar."

Ijumaa ndiyo leo. Mazishini Sixten hakwenda, na hakuona haya. Marehemu alikuwa mtu wa dansi kuliko wa sala, angemwelewa.

Hakujua alipokosea. Kitabu cha maelezo kilisema wazi kwamba programu haina sauti yake: kazi yake ni kutoa amri, na chombo ndicho kinachoimba. Kilisema pia kompyuta ipate intaneti. Akaiunganisha na ya usharika, ambayo majirani wote wa kanisa huitumia kwa ruhusa ya mchungaji. Kompyuta ikatafutatafuta, ikamuuliza chombo gani kitaimba. Kilijitokeza kimoja tu, kinanda. Yeye alitaka kodiani, lakini aliyekosa titi la mama hata la mbwa huamwa. Akakikubali.

Akapandisha sauti hadi mwisho. Kimya. Akasimamisha, akarudisha mwanzo, akaongeza kasi kwa hasira. Kimya. Akaiacha izungukezunguke yenyewe, akaenda kuchemsha kahawa. Jiko la kuni lilinguruma, na madirisha ya vioo vitatu yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya theluji. Hata kengele za mazishi, ng'ambo ya barabara, hakuzisikia. Aliporudi akaisimamisha, akakaa akijihurumia.

Mlango ukagongwa. Gullvi aliingia na nguo zake nyeusi, uso mwekundu, nywele zimefumuka. Nyuma yake alikuja Alrik, ufunguo wa kanisa ukining'inia shingoni, amebeba mabaki ya keki ya chumvi ya matanga, ile ya mkate uliojazwa uduvi.

"Sixten, umekosa! Umekosa mazishi ya karne!"

"Kumetokea nini?"

"Tuko kwenye foleni ya kulizunguka jeneza, kila mtu na ua lake, makamasi yanatutoka. Mara kinanda kikalia schottis!"

"Schottis? Ile ya kurukaruka? Mbele ya maiti?"

"Hiyohiyo! Kikakatika, tukashukuru Mungu. Kikaanza tena, safari hii mbio! Mchungaji akadhani mjane ndiye kaomba. Mjane akadhani ni wasia wa marehemu. Nani angeuliza? Si unatujua sisi, tutakufa na aibu zetu."

"Mkafanya nini sasa?"

"Tukalizunguka jeneza kwa mwendo wa schottis, mjane mbele! Mimi na goti langu bovu hili, nimeruka mpaka ua likanitoka."

Sixten alimtupia jicho mpiga kinanda. "Alrik ndiye aliyepiga?"

"Kwani kuna mwingine? Nimegeuka nikamwona kule juu, macho kayatoa, mikono hewani. Kapagawa!"

"Nilisukumwa na roho tu," Alrik alisema, akiitazama keki. "Vidole vilikwenda vyenyewe."

"Kwa hiyo usinichukie, Sixten. Jukwaa ni la Alrik."

Iliuma. Kushindwa na kijana wa mjini angevumilia, lakini si na huyu mlaza watu. Machozi yalimlengalenga, akajifanya anamimina kahawa.

"Hata hutaisikiliza ya kwangu?" aliuliza.

"Si unasema itapiga? Ipige."

"Haiimbi, Gullvi. Imegoma tangu asubuhi."

"Bonyeza hivyohivyo, roho yako itulie. Ila ngoja nifungue dirisha, joto litaniua na hizi schottis."

Akalisukuma dirisha wazi, akatoa kichwa nje kwenye ubaridi, akilitazama kanisa. Alrik alisimama katikati ya sebule, kikombe cha kahawa mkono huu, kipande kinono cha keki mkono ule. Sixten akashusha pumzi, akabonyeza.

Ng'ambo ya barabara, ndani ya kanisa lililofungwa, schottis ikaanza kulia.

Mguu wa Gullvi uliruka kabla yake. Kisha polepole akageuka kumtazama Alrik, na Alrik, uso ukiwa umemwiva, akaanza kuibonyezabonyeza keki kwa vidole, kana kwamba ni kinanda.